Wifi Aliyemfundisha Zaina Pikipiki

Mdogo wangu Tatu, Zaina anaendesha pikipiki. Si kupakiwa nyuma kama gunia la mkaa, anaendesha mwenyewe, kofia ngumu kichwani, na pikipiki yenyewe ni ya Serikali. Kutoka hapo kwenu Dumila mpaka huku Mikumi nionyeshe binti mwingine. Hayupo. Ni huyu mmoja, na mimi ndiye niliyemzaa.

Haya, sasa tuamkiane. Marahaba, mdogo wangu, najua mdomo ulikuwa umeshaufungua. Hujambo? Shemeji hajambo? Na miguu ya mama je, anaweza kutembea mpaka bandani kwako, au bado anakaa kibarazani na kuuliza kila basi linatoka wapi? Mpe shikamoo yangu ya magoti yote mawili. Sisi huku tu wazima. Kifua cha Baba Zaina kimetulia tangu mvua zikatike. Mahindi ya shamba la kijiji yametoka mazuri, na yale yetu ya nyuma ya nyumba yametoka mazuri zaidi, ila hilo mkutanoni huwa silisemi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu tangu juu hadi chini. Katika darasa la watu wazima mwalimu akitaka mtu wa kuandika ubaoni hunitazama mimi, wenzangu wako wanatafuna kalamu. Kwa hiyo na wewe isome mwenyewe. Usimpe kondakta atakayeileta akusomee mbele ya wateja wako, maana humu ndani nimemsema wifi yangu, na nimejisema na mimi.

Unajua Zaina alipotoka chuo cha kilimo aliletwa huku kuwa bibi shamba. Vijiji vyake ni vingi na viko mbalimbali, na alikuwa akivizungukia kwa miguu. Akifika, watu wameshatoka shambani, anabaki kuwafundisha nafasi ya mbegu kwa kuchora mavumbini. Basi masika yalipokuwa yanaishia ikaja Landrova kutoka Kilosa, nyuma imebeba pikipiki, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Bwana aliyeileta akasema mbele ya watu wote kwamba Ndugu Zainabu amepewa miezi miwili. Akifaulu mtihani wa polisi kule Kilosa, pikipiki ni yake ya kazi. Akishindwa, inakwenda kwa bwana shamba wa Zombo, ambaye anajua kuendesha na ameshaandika barua mbili za kuiomba. Zaina arudi kwenye miguu yake.

Sasa nani amfundishe? Hapa kijijini anayejua pikipiki ni dereva mmoja wa lori, na huyo anamtazama Zaina kwa jicho nisilolipenda. Nilikuwa bado nafikiri, Baba Zaina akasema, bila hata kuniuliza, kwamba atamwita Mwajuma.

Mwajuma unamkumbuka. Ni mdogo wake Baba Zaina, yule aliyekuja kwenye harusi yangu na viatu vya kiume. Yuko Ruhembe kwenye miwa, anaendesha trekta. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa mitambo, na ndiye aliyemfundisha trekta, pikipiki na hayo mengine yote. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa likizo, akaja na kikapu kimoja, akasema, "Wifi, nimekuja kukusaidia mtoto." Nikamwambia karibu. Neno lile la kusaidia lilinikwama hapa kooni, lakini nilimwambia karibu na kuku nikamchinjia.

Siku ya kwanza nilitoa kiti nje nikavaa kanga mpya, nikijua nakwenda kuona mwanangu akiruka. Tatu, pikipiki haikuwashwa. Asubuhi nzima wifi alikuwa akiilaza chini na Zaina anaiinua, anaisukuma, anaipiga stendi, inalazwa tena. Wanawake wa bombani wakaniuliza kama mwanangu anafundishwa pikipiki au anafundishwa ukuli. Nikamwuliza wifi. Akajibu kwamba itaanguka naye siku moja njiani peke yake, na hapo hakutakuwa na mama wala shangazi wa kuiinua. Jibu lilikuwa la maana. Ndiyo maana lilinikera.

Kisha suruali. Nilimshonea suruali ya khaki kwa mkono wangu, pana, ya heshima, mtu asiseme bibi shamba anatembea uchi. Wifi akaitazama, akasifu mshono, halafu akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli akaifunga ile miguu yote miwili kwenye vifundo kama anayefunga mdomo wa gunia. Eti mnyororo utaivuta. Akamvalisha na buti zake mwenyewe, zile za shambani, na shati la mikono mirefu la marehemu mumewe. Mwanangu akasimama pale, na kitu changu mwilini mwake kilikuwa suruali tu, nayo imekabwa.

Wakahamia uwanja wa shule. Wifi alipanga madebe matupu, Zaina akawa anapita katikati yake polepole kuliko mtu anayetembea, maana wifi alisema kwenda mbio kila mtu anaweza, kazi ni kwenda taratibu. Breki ya mguu kwanza, ya mkono ifuate kwa upole. Kwenye mchanga ya mkono usiiguse. Macho mbele, mbali, kule unakotaka kwenda, maana ukitazama shimo utaingia shimoni. Na mikono miwili isitoke kwenye usukani, hata nyuki akutue puani. Haya yote nayajua kwa sababu nilikuwa nakwenda kila siku kukaa chini ya ukuta wa darasa na ungo wangu wa mchele. Mchele nao ulichaguliwa mpaka ukachoka.

Nyumbani ikawa Shangazi, Shangazi. Shangazi amesema hivi, Shangazi ana hadithi ya trekta lililozama. Uji wangu wa karanga, ule ambao tangu mdogo alikuwa akilamba mpaka bakuli, akawa anauacha nusu kwa sababu Shangazi ameshatoka na yeye anamkimbilia. Akaanza kutembea kama yeye, mabega mbele. Akaanza kupiga mluzi. Mwanangu, Tatu, mluzi. Nikamwambia Baba Zaina kwamba dada yako ananichukulia mtoto. Akasema, "Anamfundisha pikipiki," akageukia ukutani. Wanaume wana bahati, kila kitu kwao ni jina lake tu.

Lakini jambo lililoniunguza kweli lilikuwa salamu. Zaina alipoanza kutoka uwanjani na kufuata njia ya ghalani, alikuwa akitupita. Ananipita mimi mama yake macho mbele kama kipofu. Anawapita wazee. Hapa kwetu, na huko ni vilevile, kijana akiwa kwenye baiskeli akiona mzee anashuka, anaegesha, anaamkia, ndipo anapanda. Mtu mzima anayepitwa bila shikamoo hulala na jambo hilo. Mzee Shomari, yule mwenye ndevu nyekundu za hina, akanisimamisha. Akaniuliza kama binti yangu tangu apewe chombo cha Serikali sisi wengine tumekuwa miti. Nilitamani ardhi inimeze.

Jioni hiyo nilimwambia Zaina. Akanijibu kwa adabu kwamba Shangazi anasema ajifunze kwanza kusimama vizuri, ndipo aanze kuamkia akiwa amesimama, na kwamba kwa sasa akili yake haitoshi kwa mambo mawili. Mbele yake nilikuwa nimeweka chakula. Nikasema, "Shangazi hakukulea. Mimi ndiye nitakayeambiwa sikukulea. Kesho ukiwapita wazee utaamkia, na uiname kama nilivyokufundisha."

Akasema, "Ndiyo mama."

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wazee walikuwa wanatoka msikitini wamejaa kando ya njia, na mimi nilijiweka palepale, kanga yangu ya harusi, ili waone vizuri ni nani mama yake. Zaina akatokea, taratibu, amenyooka, kofia inang'aa. Nakuambia moyo wangu ulijaa. Alipowakaribia wazee akaniona. Mkono wa kushoto ukaacha klachi ukaja kifuani, kichwa kikainama, na goti, Tatu, lile goti nililomfundisha tangu anaota meno, likajaribu kukunjika palepale juu ya pikipiki. Shikamoo aliitoa. Ilikuwa haijaisha mdomoni gurudumu la mbele liliposhika mchanga. Akaanguka miguuni kwa wazee, pikipiki juu ya mguu wake, inanguruma.

Wifi alikuwa nyuma anakuja kwa miguu. Alikimbia akaizima kwanza, akaiinua peke yake, akaanza kumpapasa Zaina mfupa kwa mfupa. Kifundo kilikuwa kimevimba na kiganja kimechubuka mpaka damu, kioo kimoja kimevunjika. Mimi nilikuwa nimesimama. Najua ningefanya nini kama ningekuwa na akili. Badala yake nilisema, kwa sauti ambayo msikiti mzima ulisikia, "Angekuwa wako wa kumzaa usingempandisha dude hili."

Wifi hakunitazama. Alimaliza kuufunga ule mguu na mtandio wake mwenyewe, akainuka, akawaambia wazee kwamba kosa ni lake, alimtoa barabarani mapema. Na Zaina, ambaye angeweza kusema neno moja tu, mama aliniambia, hakulisema. Alinitazama basi. Afadhali angenipiga.

Mwenyekiti wa kijiji akaamua palepale mafunzo yasimame, mtu asife, na barua iende Kilosa kwamba pikipiki ichukuliwe. Wifi akabeba kikapu chake, akaondoka na lori la kwenda Ruhembe bila kula. Mtihani ulikuwa umebaki wiki mbili.

Siku tatu Zaina alikaa uani, mguu kwenye maji ya chumvi, akiitazama ile pikipiki imeegemea ukuta. Hakuninunia. Alikuwa akiniitikia mama, akipokea chakula, akisema ahsante. Uji aliumaliza. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, mwanangu nyumbani, anakula uji wangu, hamna shangazi. Na ulikuwa mchungu kuutazama. Siku ya nne akatoa zile buti akazifuta matope vizuri, akazifunga pamoja kwa kamba, akaniomba nimtafutie mtu wa kuzipeleka Ruhembe, kwa kuwa yeye hazihitaji tena.

Nilizichukua nikaenda nazo kwa mwenyekiti kwanza. Wazee walikuwa pale wanapukuchua mahindi. Nikapiga magoti, nikawaamkia mmoja mmoja, nikawaambia ni mimi. Nikawaambia nilimwamuru aamkie, na aliamkia, na ndiyo iliyomwangusha. Mwajuma hana kosa, alikuwa amemkataza. Nikawaomba barua isiende, na kama imeandikwa ichanwe, na Zaina akiwa juu ya pikipiki wamsamehe salamu mpaka ashuke.

Mzee Shomari akajikuna ndevu. Akasema, "Mama Zaina, mimi shikamoo nimeitikia tangu ujana, ila ile ya Ijumaa ndiyo ya kwanza kunijia na magurudumu mawili. Nusura niiitikie kwa ugoko." Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kisha wakakubaliana kama wazee, na mwenyekiti akaliandika kwenye daftari la kijiji, kwamba mwenye pikipiki hadaiwi shikamoo akiwa mwendoni. Akisimama, anadaiwa zote. Sheria hiyo haipo kijiji kingine, na imetokana na mwanangu.

Hapo nikaenda Ruhembe. Nilimkuta wifi anapalilia bustani yake ya mchicha nyuma ya kambi. Aliona zile buti mkononi mwangu. Akasema, "Wifi, umekuja kunifokea tena au umekuja kula?"

Nikamwambia, "Nimekuja kukuchukua. Lile neno nililosema sina pa kulirudisha, ila nimeshawaambia wazee wote kosa ni langu."

Akapalilia tuta zima mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama kifundo kimeshuka uvimbe, na kama Zaina anakikanyaga. Nikasema anakikanyaga. Akaingia ndani akatoka na kile kikapu. Halijasemwa jingine mpaka leo. Ningependa alijibu, Tatu, aniambie neno baya na mimi nipone. Hakunipa.

Alivyorudi, unajua alinifanyia nini? Alinitoa chini ya ukuta na ungo wangu, akanipeleka ng'ambo ya uwanja, mwisho kabisa, akanisimamisha pale. Akamwambia Zaina, "Usitazame gurudumu, usitazame madebe. Mtazame mama yako." Nikasimama wiki nzima juani kama nguzo ya simu. Mwanangu alikuwa anakuja kutoka kule, anapita kwenye madebe, kwenye mchanga ambao wifi aliumwaga makusudi, anasimama ghafla, anaondoka, na macho yake yote yako kwangu. Sijawahi kutazamwa vile tangu alipokuwa kifuani. Sasa niambie, mtu kama huyo utamchukiaje kwa raha? Ameninyima hata hilo.

Siku ya mtihani pikipiki ilipakiwa kwenye Landrova na Zaina, sisi wawili tukapanda treni mpaka Kilosa, wifi dirishani, mimi na kapu la maandazi. Askari wa mtihani alikuwa mrefu, mkavu, hacheki. Alimzungusha Zaina kwenye mapipa, akamsimamisha kwenye mlima wa kuelekea stesheni akamwambia aondoke bila kurudi nyuma hata inchi. Hakurudi. Akamwuliza alama za barabarani, akajibu zote. Akamtuma mpaka njia panda na kurudi. Niliposikia mlio unarudi, na sijauona bado, nilikuwa nimemshika wifi mkono, na sikumbuki ni nani aliyemshika mwenzake kwanza.

Askari akaandika, akagonga muhuri. Ndipo akauliza, "Ndugu Zainabu, nani kakufundisha? Umefundishwa vizuri."

Zaina akasema, "Shangazi yangu. Yule pale."

Basi. Hakuongeza. Na angeongeza nini, Tatu? Ni kweli. Lakini nilikuwa nimesimama hatua mbili, na nilingoja, kama mtu anayengoja jina lake kwenye orodha, mpaka wakahamia kuongelea mafuta. Niliumia. Bado ninaumia ninapoandika, na wewe ndiye peke yako ninayeweza kukuambia, maana hapa kila mtu ananipongeza na mimi nasema ahsanteni, ni malezi.

Sasa sikiliza. Wewe unajua mtoto akimaliza kwa mwalimu wake, mzazi ndiye anayetoa ada, mbele ya watu, kwa mkono wake. Zaina alipohitimu Korani mimi na wewe tulimvisha mwalimu wake kanzu. Pikipiki nayo ina mwalimu. Nimeshanunua doti ya kanga na kilemba cha hariri, na Baba Zaina ametoa beberu. Nitasimama uani kwangu, nitamwita Mwajuma kwa jina, nitasema huyu ndiye aliyemfundisha mwanangu, na mimi mama yake ndiye ninayemvisha. Nataka nilitamke mimi, lisitamkwe na mwingine tena nikiwa nasikiliza.

Ila siwezi kulisema peke yangu. Upande wao wa Ruhembe watakuja trekta zima, nawajua, watapiga vigelegele mpaka Kidodi wasikie. Na mimi nyuma yangu niwe na nani? Nataka watu wa kwetu wajae. Nataka mama aketi kwenye kiti changu kile cha mgongo, amwone mjukuu wake akiingia kwa pikipiki, na wakati huo mtu wa kunishika kiwiko awe wewe. Pandeni basi la asubuhi, mbadilishe Morogoro, mwambieni dereva awashushe kwenye ghala la kijiji, si stendi. Zaina atawapokea, ila nyuma yake asipande mtu. Wifi amekataza abiria mpaka mwaka uishe, na hata mimi bado sijapanda.

Msalimie shemeji na ndugu zake wa ng'ambo ya mto. Msalimie mjomba mwenye mashine ya kusaga, mwambie Zaina amemletea mbegu mpya ya mahindi. Msalimie shangazi yetu aliyekuwa akisema binti akisoma sana haolewi, huyo mwambie aje mapema apate mahali pa kukaa. Jirani yako mwenye banda la samaki naye salamu zake, na umwonyeshe barua, ila ule ukurasa wa kwanza tu. Na mama, kama nilivyosema, kwa magoti yote mawili.

Mimi dada yako anayekupenda na kukungoja,
Mama Zaina wa Mikumi.

Ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, kabla ya adhuhuri, nyote.